Mkono Ambao Sikuupima

5 Juni

Mvua za plamu, zile za Juni zisizokatika, zimeanza leo asubuhi, na pamoja nazo chuo kikuu kimetuletea daktari mpya. Sijui kati ya hivyo viwili kipi kitanichosha mapema. Anaitwa Nozue Chikako, ana miaka ishirini na tisa, ameshuka kwenye basi na sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu. Niliomba mpasuaji. Nimeletewa msomaji.

Kazi yake ya kwanza kwenye chumba cha wagonjwa wa nje ilikuwa kumpima mzee mmoja presha mkono wa kulia, kisha akamvua koti upande wa pili na kumpima tena wa kushoto. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Daktari Nozue," nikamwambia, "mzee huyu ana mioyo mingapi?"

"Mmoja, Daktari Mkuu."

"Na pua pia utamhesabia mara mbili?"

Tomi, muuguzi wetu mkuu, alicheka akijificha nyuma ya faili. Binti hakucheka. Alisema, "Mikono miwili inaweza kutofautiana," kwa sauti ya mtu anayetangaza treni. Nimeongoza hospitali hii ya Mizuhara miaka kumi na tisa. Nimepima presha miaka thelathini na mmoja, mkono wa kulia, na hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika kwamba wa kushoto umeonewa.

7 Juni

Mvua. Wagonjwa arobaini na wawili. Wagonjwa kweli watano. Waliobaki walikuja kukaa mahali pakavu.

8 Juni, Jumamosi

Jumamosi mimi hunyolewa kwa Urabe Kinu, nyuma ya stesheni. Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, hakuolewa, alirithi duka la kinyozi kwa baba yake. Baba yake alimchapa utoto mzima kwa sababu ya kutumia mkono wa kushoto, na kipigo chote kile kilipotea bure, maana ananyoa kwa kushoto mpaka leo. Hana mfano wilaya nzima. Sijamwambia, kwa sababu mtu akisifiwa huanza kuharibu.

Leo alisimama mara mbili katikati ya kazi, akashusha mkono na kushikilia mgongo wa kiti changu.

"Samahani, Daktari. Kidogo tu."

"Jana hukulala?"

"Nililala. Ni huu mkono. Nikiuinua kwa muda unachoka kama si wangu, halafu chumba kinaanza kuzunguka."

"Umri huo."

"Umri gani huo wa mkono mmoja?"

Mdomo wake nao baba yake hakufanikiwa kuunyoosha. Nimemwambia aje hospitali Jumatatu.

10 Juni

Kinu alikuja akiwa amevaa kimono kizuri, kama wafanyavyo watu wa hapa wakija kuniambia upuuzi. Nilimpima presha: mia moja hamsini na mbili. Kwa umri wake si neno. Moyo unapiga vizuri. Mapafu masafi.

"Kichwa kinapokuzunguka, unaona nini?"

"Naona wateja wawili kwenye kiti kimoja. Halafu giza kama mtu ameshusha pazia. Nikiuteremsha mkono na kukaa, kunapambazuka."

"Ukiwa umekaa tu bila kazi?"

"Sijambo kabisa. Hata kupanda ngazi za hekalu napanda."

Basi nikamweleza. Mwanamke asiye na mume, umri wa kukoma hedhi, duka zima kichwani mwake, mvua mwezi mzima: neva zimechoka. Nikamwandikia sindano za vitamini. Na kwa kuwa mkono unaobembelezwa hulegea, nikamwagiza afuate mazoezi ya viungo yanayotangazwa redioni kila asubuhi, akitilia nguvu zaidi mkono wa kushoto. Ainue, ashushe, mara hamsini.

Nozue alikuwa amesimama pembeni. "Naomba nimshike kidogo mkono," akasema.

"Mgonjwa si tikiti maji," nikamjibu, "kila anayepita alibonyeze."

Kinu aliinama, akashukuru, akaenda. Alishukuru sana. Wanaoniamini kuliko wote ndio huwa nawaona wajinga kuliko wote. Sijui ni kosa la nani.

13 Juni

Viatu vyangu vyeusi vimeota ukungu. Nozue bado anapima mikono miwili. Foleni bado inafika mlangoni.

15 Juni, Jumamosi

Mteja wa duka la Kinu leo nilikuwa mimi peke yangu. Jumatano alimwacha karani wa reli na shavu moja limenyolewa na jingine bado, yeye akakaa sakafuni kama mzigo uliosahauliwa. Habari zimeshazunguka. Anayezizungusha ni Hamasuna, mkuu wa posta, mtu ambaye angekuwa na mikono mitatu bado asingeweza kugawa barua kwa wakati, lakini umbea huufikisha kila nyumba, hata kwenye mvua. Anasema Kinu ameingiwa na pepo wa mbweha. Mwaka huu watu wamenunua televisheni za kutazamia michezo ya olimpiki ya Mexico, na bado wanaingiwa na mbweha.

"Unafanya mazoezi?" nikamuuliza Kinu.

"Kila siku, Daktari. Ila sifiki hamsini. Nikifika kumi na nane, ishirini, napiga magoti."

"Unahesabu kwa woga. Endelea."

"Jana nilifika ishirini na mbili," akasema, na alionekana kujivunia.

17 Juni

Leo nimegombana na msomaji wetu, mlango ukiwa wazi, Tomi akisikiliza kwa masikio yake yote mawili.

Alikutana na Kinu jana kwenye duka la tofu, ile jibini ya soya, na akamshika mikono palepale, mbele ya muuzaji. Aliniambia hivyo bila haya. "Kulia mapigo yapo, yamejaa. Kushoto sikuyapata. Nilitafuta dakika tatu."

"Mkono ulikuwa wa baridi. Vidole vyako vilikuwa vya baridi. Tofu ilikuwa ya baridi."

"Daktari Mkuu, nafikiri mshipa mkubwa unaopeleka damu mkono wa kushoto umeziba, chini ya mtulinga, mfupa huu kati ya shingo na bega, karibu kabisa na unapotokea."

"Ungekuwa umeziba, mkono ungeshakufa. Ungekuwa mweusi. Mwanamke huyu ananyoa watu."

"Haufi kwa sababu unalishwa kutoka kwingine." Akachukua kalamu na kuchora juu ya ratiba yangu ya zamu. "Kuna mishipa miwili inapanda nyuma ya shingo, kulia na kushoto, inakutana kwenye kisogo na kulisha ubongo. Wa kushoto unachipuka kutoka kwenye huohuo mshipa wa mkono, mbele kidogo ya pale palipoziba. Sasa fikiria majaruba ya mpunga. Mfereji wako ukizibwa juu, jaruba lako halikauki mara moja. Maji ya jirani yanarudi nyuma kupitia kijia cha pembeni na kuingia kwako. Damu inapanda shingoni kwa upande wa kulia, inafika kichwani, badala ya kubaki inateremka kwa upande wa kushoto na kuingia mkononi. Mkono ukiwa umetulia, unachukua kidogo, kichwa hakijui. Mkono ukifanya kazi, unavuta sana. Mkono wake unakiibia kichwa chake."

Nakiri mchoro ulikuwa safi. Mwandiko wake ni mzuri. Watu wasio na wagonjwa wengi huwa na mwandiko mzuri.

"Umesoma wapi hadithi hiyo?"

"Imeandikwa miaka saba au minane iliyopita. Na hapa kwetu Japani tunajua tangu zamani kuna wanawake wasio na mapigo mkononi."

"Wasichana," nikasema. "Ugonjwa ule ni wa wasichana. Huyu ana miaka arobaini na saba."

"Wasichana hukua, Daktari Mkuu. Na mishipa huziba kwa sababu nyingi."

Nikamwambia kwamba katika hospitali hii barua za rufaa naandika mimi, na siandiki barua chuo kikuu kwa sababu ya duka la tofu.

Alisema jambo moja la mwisho, kwa upole, na ndilo lililoniudhi zaidi. "Angalau asifanye yale mazoezi."

20 Juni

Mvua siku nne mfululizo. Vyura wanaimba mpaka ndani ya mfereji wa hospitali. Sikwenda kokote.

22 Juni, Jumamosi

Naandika kwa kirefu maana sitaki kesho nijidanganye.

Ijumaa nilimtangazia Hamasuna pale posta, kwa sauti ya kusikika, kwamba Jumamosi saa nne nitanyolewa kwa Kinu kama kawaida, na anayetaka kumwona mbweha aje atazame. Nilifikiri namsaidia mwanamke yule. Hapana. Nilitaka kushinda. Nilitaka Nozue asikie Jumatatu kwamba Daktari Sakakibara alikaa chini ya wembe na akainuka akiwa laini kama yai.

Walikuja. Hamasuna, karani wa reli, na mke wa muuza mchele ambaye hana ndevu za kumleta pale. Walikaa kwenye benchi wakinyeshea sakafu maji ya miavuli.

Kinu alinipaka povu. Mkono wake wa kushoto ulipogusa sikio langu ulikuwa wa baridi kuliko wa kulia. Nimenyolewa na mikono ile miaka kumi na tisa na leo ndiyo mara ya kwanza niliona hivyo, na nikasema moyoni kwamba ni mvua.

Alimaliza shavu la kulia. Alimaliza la kushoto. Alishusha mkono, akapumua, akainua tena. Kwenye kioo niliwaona wale watatu wamekaa kama watu wanaosubiri matokeo.

"Daktari," akaninong'oneza, "leo tuiache shingo."

"Nyoa shingo."

"Ningependa tuiache."

"Kinu, wanatazama. Nyoa."

Akaniinua kidevu. Wembe ulipita mara moja, mara mbili, kutoka kwenye koo kwenda juu, mwepesi, bila hata kukwaruza. Mara ya tatu ulisimama. Sikuweza kugeuza kichwa, lakini niliyaona macho yake kwenye kioo. Yalikuwa yakinitafuta. Yalipita juu ya uso wangu, yakaenda pembeni, yakarudi, kama mtu anayejaribu kujua ni yupi kati ya wawili ndiye mwenyewe.

Halafu alifanya kitu ambacho nadhani alikuwa amejizoeza, peke yake, asubuhi zile alipokuwa akihesabu. Aliunyanyua wembe mbali na shingo yangu na kuutupa. Ulipiga ukuta na kuangukia kwenye beseni. Angeweza kutumia nukta ile kushika kiti. Aliitumia kuutupa wembe. Kisha akaanguka bila kukinga mikono, na paji la uso likapiga kile chuma cha kuwekea miguu.

Nilishuka na povu shingoni. Nilipiga magoti na kukamata mkono uliokuwa karibu nami, wa kushoto. Niliweka vidole vitatu pale ninapoviweka siku zote. Hapakuwa na kitu. Nilibonyeza. Hapakuwa na kitu. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Amekufa."

Hamasuna akaanza kumwita Buddha. Mke wa muuza mchele akaanza kulia, na kati ya wote waliokuwa mle ndani ni yeye peke yake aliyefanya kitu chenye maana, maana aliinama na kulia karibu na uso wa Kinu, kisha akasema, "Mbona anapumua?"

Alikuwa anapumua. Damu ilikuwa ikimtoka kwenye paji kwa nguvu, na maiti hazitoki damu hivyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Nikamvuka, nikaushika mkono wa kulia. Mapigo yalikuwa yamejaa, mazito, ya kawaida kabisa. Nikarudi kushoto: kimya. Nikaenda kulia: yapo. Nilikuwa nimepanua mikono juu ya yule mwanamke, huku na huku, kama mjinga anayepima kitambaa.

Akafumbua macho. "Nimekukata?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema, akafumba tena.

Miaka thelathini na mmoja.

23 Juni

Alishonwa nyuzi kumi na moja. Nozue ndiye aliyemshona, mimi nilishika taa. Fuvu halikuvunjika.

Asubuhi nilimpima mwenyewe. Kulia, mia moja hamsini. Kushoto nilisikia mlio mara ya tatu tu, nikiwa nimezuia pumzi: sabini na nne. Nikaweka kipimo cha kusikilizia juu ya mtulinga wa kushoto. Ndani yake kuna mvumo, kama maji yanayopita kwenye tundu jembamba la ukuta wa mfereji. Mvumo huo ulikuwepo tarehe kumi. Ungeniambia kila kitu kama ningelisogeza sikio langu inchi nne.

Nozue alisimama upande wa pili wa kitanda. Nilingoja anicheke. Hakucheka, hakusema hata "kumbe". Aliuliza kama aandae barua ya chuo kikuu au nitaandika mimi. Ningemdharau kwa furaha kama angenicheka. Hata hilo amenikosesha.

"Andika wewe," nikasema. "Mimi nitatia sahihi. Na jina lako litangulie."

"Si kawaida."

"Yapo mengi hapa ambayo ni kawaida."

26 Juni

Mvua. Nimepima mikono miwili ya watu thelathini na tisa. Yote sawasawa. Mgongo unauma.

28 Juni

Mji huu haufai. Hamasuna anazunguka akisimulia: "Nilikuwepo kwa macho yangu. Daktari Mkuu aliruka kutoka kwenye kiti na povu lake, akashika mkono huu, akashika ule, papo hapo akajua! Profesa wa chuo kikuu cha Fukuoka asingejua!" Jana walileta hospitali kapu la samaki wa mtoni. Mwandishi wa gazeti la wilaya amepiga simu. Muuza mchele ameniinamia barabarani mpaka kofia ikadondoka kwenye dimbwi.

Sikumsahihisha hata mmoja. Siku sita sasa. Samaki nimewala.

3 Julai

Leo Kinu amesafiri kwenda kupasuliwa Fukuoka, Nozue amemsindikiza. Kabla hawajaondoka nilikwenda wodini.

Alikuwa ameketi kitandani amefungwa kichwa, anajaribu kukata kucha kwa mkono wa kulia na kushindwa vibaya.

"Watu wanasema wewe ndiye uliyeugundua ugonjwa wangu," akasema.

"Wanasema."

"Mimi nilikuwa sakafuni, Daktari. Sikuwa kaburini. Ulisema nimekufa."

Niliinama kuitazama bandeji yake.

"Na yule binti alinishika mkono kwenye duka la tofu. Jioni yake alikuja nyumbani, akaniambia niache mazoezi, nimsubiri akuombe tena. Nikamwambia siwezi kuacha, Daktari Mkuu ameagiza. Nikaendelea." Akauweka mkasi chini. "Sikasiriki kwa kutojua kwako. Nakasirika kwamba niliongeza bidii."

Hakuna mtu aliyewahi kunisema vibaya kiasi hicho, na hakupandisha hata sauti.

Pale stesheni walikuwepo watu kama ishirini wamekuja kumuaga, wengi wao ndio walewale waliokuwa wakisema mbweha. Niliona ndiyo nafasi. Nikapanda kwenye kile kijukwaa cha mkaguzi nikasema wazi: nilikosea, sikumpima ipasavyo, niliagiza mazoezi yaliyomdhuru, aliyegundua ni Daktari Nozue, yule pale, kabla Kinu hajaanguka.

Kisha Hamasuna akafuta macho na kumgeukia karani wa reli. "Umemsikia? Mkubwa kweli hujishusha."

Wakanipigia makofi. Nozue, dirishani mwa behewa, aliangalia pembeni, na naapa alikuwa akizuia kicheko. Hatimaye.

5 Julai

Nimefungua stoo ya kadi za zamani za wagonjwa.

Nilitaka kujua nimewaambia wangapi "neva". Nilifikiri nitapata kumi. Mpaka jioni nimepata mia na zaidi, na wengi wao pengine kweli zilikuwa neva, maana mji wenye Hamasuna humchosha mtu yeyote. Lakini nimetenga kadi moja.

Okubo Fusae, miaka thelathini na mmoja, msokota hariri kiwandani. Oktoba, mwaka wa ishirini na nane wa Showa, yaani miaka kumi na tano iliyopita. Kichwa humzunguka, huona vitu viwili, huanguka akiwa kwenye mashine. Akiwa amekaa hajambo. Mkono wa kushoto huchoka. Presha mia moja ishirini, mkono wa kulia. Chini yake, kwa mwandiko wangu: *Hana ugonjwa. Mvivu. Arudishwe kazini.*

Nakumbuka kwamba sikumbuki chochote. Hata uso.

Tomi alimkumbuka bila kutazama kadi. "Wa ng'ambo ya mto. Kiwanda kilimwachisha baada ya barua yako iliyosema ni mvivu. Masika iliyofuata alikutwa kwenye mfereji chini ya miforsadi, uso umelala majini. Alikuwa anavuta matawi akikata majani ya kulishia viwavi wa hariri. Maji yalikuwa ya kufika hapa." Akaonyesha chini kidogo ya goti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini kitu?" akasema Tomi, akaenda kuchemsha sindano.

8 Julai

Simu kutoka Fukuoka. Wameufungua mshipa, wakatoa kizibo. Nozue anasema mapigo ya mkono wa kushoto yamerudi wakati Kinu bado amelala, na mpasuaji mwenyewe alimwita ayashike. Kunyoa, labda vuli. Nilimwambia vizuri. Aliuliza kama simu inakatika, nikasema ndiyo.

11 Julai

Mvua. Sikwenda ng'ambo ya mto. Nilisema ni mvua.

14 Julai, Jumapili

Mvua zimekatika. Jua kali, milima yote inatoa mvuke. Kwa hiyo sababu yangu imekwisha, nikavuka daraja.

Nyumba ya Okubo iko mwisho wa njia, na miforsadi imekatwa yote, sasa pamepandwa chai. Mume wa Fusae ni Heizo, mtu wa miaka hamsini na kitu. Nilimkuta kwenye kibaraza akinoa mundu. Hakuoa tena. Ndani alikuwepo mama yake, ana miaka themanini na minane, mdogo kama ndege, amekaa mbele ya madhabahu ya nyumbani akimenya maharage.

Nilijitambulisha. Heizo aliendelea kunoa.

"Nakujua," akasema. "Nani amekufa?"

"Nimekuja kwa habari ya mke wako."

"Umechelewa miaka kumi na minne."

"Kumi na mitano," nikasema. "Alikuja kwangu Oktoba."

Hapo akauweka mundu chini. Nikamweleza, kwa maneno machache, bila majaruba wala michoro. Kwamba upo ugonjwa wa mshipa unaofanya mkono ukifanya kazi ukinyime kichwa damu, mtu akaanguka. Kwamba alichonieleza mke wake siku ile kinafanana nao neno kwa neno. Kwamba ungeweza kujulikana kwa kumshika tu mikono yote miwili.

"Kwa hiyo alikuwa nao."

"Siwezi kuapa. Hakuna tena njia ya kujua. Naweza kuapa kwamba sikumshika mkono wa pili. Na kwamba niliandika mvivu bila kupima uvivu kwa kipimo chochote."

Chura mmoja alikuwa akilia mahali fulani, hajapata habari kwamba mvua zimekwisha.

"Unajua barua yako ilisomwa wapi?" akasema. "Kiwandani, mbele ya wenzake wote. Halafu ikaja hapa. Hapa ndiyo ikakaa." Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na karatasi na kalamu. "Andika. Hayohayo uliyosema, usipambe. Andika na jina."

Nikaandika kwenye kibaraza: *Mimi Sakakibara Tetsuo, daktari, Oktoba ya mwaka wa 28 nilimwita Okubo Fusae mvivu. Sikumpima ipasavyo. Alisema kweli kuhusu alichokuwa akikisikia mwilini, na mimi sikumsikiliza.* Nilifikiri ataiweka kwenye madhabahu na mambo yataishia hapo. Nilimkadiria chini, kama ninavyomkadiria kila mtu.

"Sasa ingia," akasema. "Msomee mama. Kwa sauti, hasikii vizuri."

Niliingia, nikapiga magoti mbele ya yule bibi, nikasoma. Aliendelea kumenya maharage. Aliposema "Soma tena," nikasoma tena, kwa sauti ya kufika barabarani. Safari hii vidole vyake vilisimama.

"Wewe ndiye daktari wa ile barua?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Fusae, mtoto yule, alikuwa akilala chini pale uani, anasema mama naona giza. Nilikuwa nammwagia maji nikimwambia amka, daktari amesema huna kitu." Alinitazama usoni bila hasira, kama mtu anayeangalia hesabu ya zamani aliyokuwa akiikosea siku zote. "Kila siku nilimwambia. Mimi nilimwamini daktari."

Heizo aliitoa karatasi mkononi mwangu. Hakuniambia niondoke wala nikae. Alikaa karibu na mama yake na kuchukua bakuli la maharage, wakaanza kumenya pamoja, na mimi nilikaa pale nilipokuwa nimepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi, kwa kuwa sikujua nani anipe ruhusa ya kusimama.